SHERIA NA RAIA: Mtu Aendaye Mahakamani kwa Talaka Atarajie Nini

Kufunga ndoa ni jambo la furaha, na desturi zake zinajulikana na kila mtu. Hata kijana mdogo aweza kueleza namna posa inavyopelekwa, namna mahari inavyozungumzwa, na ni nani anayepaswa kukaa karibu na nani siku ya karamu. Lakini kuvunja ndoa ni jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Kwa sababu halitajwi, wengi hufika mahakamani bila kujua waanzie wapi, na wengine hawafiki kabisa. Mume husema, "Nimemrudisha kwao, basi." Mke husema, "Nimeondoka, yamekwisha." Wazee huketi, mbuzi mmoja au wawili hurudishwa, na kila mtu hushika njia yake.

Miaka kumi au ishirini baadaye mmoja wao hutaka kufunga ndoa kanisani, au hutaka kuuza shamba, au hufa, na jamaa zake wakaanza kugawana urithi. Hapo ndipo hugunduliwa kwamba ndoa ile haikuvunjwa kamwe. Kwa macho ya sheria wawili wale walikuwa bado mume na mke, na yule aliyedhani amekuwa huru miaka yote hiyo hakuwa huru hata siku moja.

Maneno haya hayakuandikwa ili kuwatia watu moyo wa kuachana. Mtu hujifunza njia ya kwenda hospitali si kwa kuwa apenda ugonjwa, bali kwa kuwa siku ya ugonjwa si siku ya kuuliza njia.

SHERIA ILIYOPO

Zamani sheria za ndoa katika Kenya zilikuwa nyingi, na kila kundi la watu lilikuwa na yake. Waafrika Wakristo walikuwa na sheria yao ya mwaka 1931. Mashauri ya ndoa za kimila yalisikizwa katika mabaraza ya wazee, ambayo mwaka 1951 yaligeuzwa kuwa mahakama za Waafrika. Waislamu walikwenda kwa kadhi, na Wahindu walikuwa na sheria yao wenyewe. Mahakama zile za Waafrika zilikwisha ilipotungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu mwaka 1967. Mwaka huohuo serikali iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuzikusanya sheria hizo zote kuwa moja. Tume ilileta taarifa yake mwaka 1968, lakini mswada uliotokana nayo ulikataliwa Bungeni katika miaka ya 1970, na jambo likalala kwa muda mrefu.

Hatimaye, mwaka 2014, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ambayo ndiyo hutumika. Sheria hiyo hutambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Juu yake iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 45 husema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa kuishi katika ndoa, na wakati wa kuivunja. Kwa hiyo mwanamke hahitaji ruhusa ya baba, ya kaka wala ya mume ili kupeleka shauri lake mbele ya hakimu. Mwanamume naye hana uwezo wa kumfukuza mkewe kwa neno tu, akadhani kwamba neno lile ni hukumu.

Mashauri ya ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila na ya Kihindu husikizwa na hakimu, katika mahakama zilezile zinazosikiza mashauri mengine ya wilayani. Mashauri ya Waislamu huenda katika mahakama ya kadhi, nayo yataelezwa mbele. Jambo moja lafaa kushikwa tangu mwanzo. Barua ya chifu si talaka. Mhuri wa mzee wa mtaa si talaka. Hata hati ya mapatano iliyotiwa sahihi mbele ya wakili, ikiwa haikupelekwa mahakamani, si talaka. Hati hizo zaweza kuwa ushahidi wenye faida, lakini hazivunji ndoa.

SABABU ZINAZOKUBALIWA

Hakimu hawezi kuvunja ndoa kwa sababu tu mtu amechoka nayo. Sheria imetaja sababu, na mwombaji lazima aonyeshe moja yake kwa uchache. Zilizo kubwa ni hizi: uzinzi, ukatili, uwe wa mwili au wa moyo, aliotendewa mwombaji au watoto, kuachwa na mwenzake kwa muda usiopungua miaka mitatu kabla ya kuleta ombi, mwenendo mpotovu kupita kiasi, na ndoa kuharibika kabisa hata isiweze kutengenezwa tena.

Katika ndoa ya kiserikali sheria imeeleza zaidi mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imeharibika kabisa. Miongoni mwao ni mume na mke kuishi mbalimbali kwa miaka miwili au zaidi, na mmoja kuhukumiwa kifungo cha maisha au cha miaka saba au zaidi. Katika ndoa ya kimila, mwombaji aweza pia kutaja sababu inayokubaliwa na mila ya kabila lake.

Watu wengi bado huamini kwamba mtu aliyefunga ndoa ya kiserikali hawezi kuomba talaka kabla ya miaka mitatu kupita. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika sheria ya 2014, lakini mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kizuizi hicho kinapingana na Katiba.

KABLA YA KUFIKA KWA HAKIMU

Sheria haikuwadharau wazee. Watu walioana kwa mila waweza kwanza kujaribu kupatanishwa kwa njia za mila, na yule anayewapatanisha huandika taarifa na kuipeleka mahakamani. Walioana kanisani waweza kutumia baraza la upatanisho la kanisa lao, ikiwa liko. Hata katika ndoa ya kiserikali hakimu aweza kuwaelekeza kwa mpatanishi waliyekubaliana juu yake. Tena tangu mwaka 2016 Idara ya Mahakama imekuwa na mpango wake wa usuluhishi, ambao wenye shauri huketi na msuluhishi aliyefundishwa kazi hiyo. Wakipatana juu ya jambo lolote, mapatano yao huandikwa na kuwa na nguvu kama amri ya mahakama.

Mtu asiione hatua hii kama kupoteza wakati. Hata kama ndoa haiponi, mara nyingi watu hutoka kwa wapatanishi wakiwa wamekubaliana juu ya karo ya watoto au juu ya nani atabaki katika nyumba, na mambo hayo mawili ndiyo yanayokula miezi mingi mahakamani.

Lakini kuna mahali ambapo haifai kungoja. Mke au mume anayepigwa, au anayetishwa kuuawa, hapaswi kukaa akingoja wazee wapate nafasi ya mkutano. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ujeuri wa nyumbani humruhusu kwenda kwa hakimu mara moja kuomba amri ya ulinzi, yaani amri ya kumkataza mwenzake kumkaribia au kumdhuru. Aende polisi, apewe fomu ya P3 ijazwe na daktari, na aziweke karatasi zote za hospitali. Karatasi hizo zitamlinda leo, na kesho zitakuwa ushahidi wa ukatili katika shauri la talaka.

HATI, WITO NA KUNGOJA

Chukua mfano wa mwanamke mkulima aliyeolewa kwa mila. Mumewe ni karani mjini. Mwanzoni alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, kisha kila Krismasi, kisha hakuja tena. Miaka minne imepita. Hakuna barua, hakuna fedha, na habari zinazofika ni kwamba anaishi na mwanamke mwingine. Mkewe amelima, amesomesha watoto, na sasa ataka mambo yake yawe wazi.

Afikapo katika ofisi ya mahakama, karani atamwuliza kwa upole, "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi?" Hapo wengi hukwama. Tangu sheria ya 2014 ndoa za kimila nazo hupasa kuandikishwa kwa Msajili wa Ndoa, lakini nyingi hazikuandikishwa. Mtu asiye na cheti hana budi kwanza kuonyesha kwamba ndoa ilikuwako: ataleta mashahidi walioziona sherehe, wazee waliopokea mahari, na barua zinazowataja wawili hao kuwa mume na mke. Sheria husema kwamba pale ambapo mahari ni sharti la ndoa, sehemu ndogo iliyotolewa kama ishara yatosha kuthibitisha. Kwa hiyo asivunjike moyo kwa kuwa ng'ombe hawakutimia.

Kisha huandikwa ombi la talaka. Ndani yake hutajwa majina ya mume na mke, mahali na tarehe ya ndoa, mahali walipoishi, watoto na umri wao, sababu za kuomba talaka, na yale ambayo mwombaji ataka mahakama iamuru. Pamoja na ombi huwekwa hati ya kiapo inayosema kwamba maneno hayo ni ya kweli, maelezo ya mashahidi, na orodha ya karatasi zitakazoonyeshwa. Tangu mwaka 2020 hati zilianza kupelekwa kwa njia ya mtandao katika mahakama za Nairobi, na mpango huo ukaenea kwingine baadaye. Asiyejua mambo ya mtandao aweza kuomba msaada katika ofisi ya mahakama yenyewe. Asimwachie kila kitu kijana wa duka la kompyuta asiyejua tofauti ya mwombaji na mjibu.

Ombi likiisha kupokewa na ada kulipwa, mume lazima apewe wito. Mwombaji hapeleki wito huo mwenyewe, wala hampi mtoto aupeleke. Hupelekwa na mtu aliyepewa kibali cha kazi hiyo au na wakili, naye baadaye huapa kwamba aliufikisha, siku gani na mahali gani. Mume asipoonekana, mahakama yaweza kuruhusu njia nyingine, kama tangazo gazetini. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2020, wito waweza hata kupelekwa kwa barua ya mtandao au kwa ujumbe wa simu. Hatua hii ndiyo huchelewesha mashauri mengi, kwa maana hakimu hatasikiza neno la upande mmoja mpaka ahakikishe kwamba upande wa pili umepewa habari.

Na yule aliyepokea wito afanyeje? Wanaume wengi, na wanawake pia, huutia wito mfukoni na kusema, "Nisipokwenda, hakuna talaka." Hayo ni makosa makubwa. Siku zilizotajwa katika wito zikipita bila jibu, shauri huendelea bila yeye. Mwombaji atatoa ushahidi wake, hakuna atakayempinga, na hukumu itatolewa. Mwenye jambo la kujibu ajibu kwa maandishi, tena mapema. Katika jibu hilo aweza kukana mashtaka, na aweza vilevile kuleta ombi lake mwenyewe la talaka kwa sababu zake.

SIKU YA KUSIKIZWA

Siku ya shauri mtu afike mapema, akiwa na kitambulisho chake, karatasi zake na mashahidi wake. Aweza kukuta shauri lake ni la ishirini katika orodha ya siku hiyo. Aweza pia kukuta limeahirishwa kwa kuwa hakimu ni mgonjwa au yuko katika mafunzo. Hili huwaudhi watu waliotoka mbali kwa gari la abiria, lakini ni afadhali kulitarajia kuliko kulifanyia hasira mbele ya makarani.

Lugha ya mahakama za mahakimu ni Kiingereza au Kiswahili. Mtu asione haya kusema kwamba ataka kutoa ushahidi kwa Kiswahili, hata kama wakili wake hupenda Kiingereza. Asiyejua lugha hizo mbili aseme mapema, apate mkalimani.

Ataapishwa, kisha ataeleza kisa chake. Aeleze kwa tarehe na kwa mambo aliyoyaona mwenyewe. Mwanamke yule wa mfano akisema, "Mheshimiwa, mume wangu ni mtu mbaya," hakimu hana la kuandika. Lakini akisema, "Mheshimiwa, aliondoka mwezi wa Januari, na tangu mwezi huo hajaleta shilingi ya karo, hizi hapa risiti za shule zenye jina langu," hakimu ataandika kila neno. Halafu mume, au wakili wake, atamwuliza maswali. Maswali hayo huenda yakaumiza: ya chumbani, ya fedha, ya watu aliokuwa akionana nao. Akasirikaye husahau, na asahauye hujipinga. Ajibu lililoulizwa, kwa ufupi, na lile asilolijua aseme halijui.

Hata kama mume hakuja, au amekubali talaka, ushahidi bado hutolewa. Hakimu hutaka kujiridhisha kwamba sababu iko kweli, na kwamba wawili hao hawakufanya hila pamoja ya kuidanganya mahakama. Ndiyo sababu haifai kabisa mume na mke kukubaliana kutunga uongo wa uzinzi au wa kipigo ili mambo yaende upesi. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai.

Hakimu akiridhika, hutoa hukumu, na kwa kawaida talaka hutolewa kwa hatua mbili. Kwanza ni amri ya muda. Kisha, baada ya siku zilizowekwa na mahakama kupita, mwenye shauri huomba amri kamili. Wengi hukosea hapa: hupata amri ya kwanza, hufanya karamu, na hawarudi tena kuchukua ya pili. Mpaka amri kamili itolewe, ndoa haijakwisha. Na mtu ambaye ndoa yake yamkataza kuoa au kuolewa tena, kama ile ya Kikristo au ya kiserikali, akifunga nyingine kabla ya hapo, aweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 171 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, ambacho adhabu yake yafika kifungo cha miaka mitano. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama Kuu.

WATOTO NA MALI

Jambo linalowashangaza watu kuliko yote ni kwamba talaka peke yake haigawi shamba wala haiamui watoto watakaa na nani. Amri ya talaka huvunja ndoa. Hayo mengine kwa kawaida huwa na mashauri yake, kila moja na hati zake. Mtu asidhani kwamba amemaliza kazi kumbe yuko katikati ya safari.

Mambo ya watoto huenda katika mahakama ya watoto, na sheria yake ni ile ya mwaka 2022. Katiba, katika kifungu cha 53, husema kwamba faida ya mtoto ndiyo itangulie kila kitu, na kwamba wazazi wote wawili wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Hakimu aweza kumtuma afisa wa watoto kuitazama nyumba ya kila mzazi na kuandika taarifa. Yule ambaye hakupewa kukaa na watoto haachiliwi mzigo wa chakula, nguo, matibabu na karo. Na yule aliyepewa hana ruhusa ya kumzuia mwenzake kuwaona, isipokuwa mahakama imeagiza hivyo. Mzazi anayemfundisha mtoto kumtukana mzazi mwingine afahamu kwamba afisa huyo huzungumza na watoto pia, na watoto husema.

Mali ya ndoa ina Sheria ya mwaka 2013. Kwa sheria hiyo, kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake katika kuipata mali. Lakini mchango si fedha tu. Sheria imetaja wazi kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali ya jamaa, na kazi ya shamba. Kwa hiyo karani wa mfano hawezi kusimama na kusema kwamba kwa kuwa mshahara ulikuwa wake, ekari zile tatu ni zake peke yake. Mkewe aliyepalilia, aliyevuna, na aliyelea watoto wakati mume yuko mjini, naye alichangia.

Hata hivyo asije mtu akadhani kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa uliotajwa katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu bila kuuliza. Kila mmoja ataonyesha mchango wake, na mahakama itapima. Mali ambayo mtu alikuwa nayo au alirithi kabla ya ndoa si mali ya ndoa. Lakini mwenzake akiwa ameiendeleza, kwa mfano kwa kupanda kahawa au kujenga nyumba juu yake, aweza kupata haki kwa kadiri ya kazi hiyo. Ndiyo sababu risiti ya mabati, daftari ya chama cha ushirika, na taarifa za fedha zilizotumwa kwa simu ni vitu vya kuwekwa, si vya kuwashia moto.

Mahakama yaweza pia kumwamuru mmoja kumpa mwenzake fedha za matumizi, hata baada ya talaka.

KWA KADHI

Mahakama ya kadhi imepewa nguvu na Katiba, katika kifungu cha 170, kusikiza mambo ya ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Talaka hufuata sheria ya Kiislamu. Mume atoapo talaka, mke huingia eda: kwa mwanamke mwenye mimba ni mpaka ajifungue, kwa asiyepata hedhi ni miezi mitatu, na kwa apataye hedhi huhesabiwa kwa tohara tatu. Katika talaka ya kwanza na ya pili mume aweza kumrejea mkewe kabla ya eda kwisha.

Mke naye hakuachwa bila mlango. Aweza kuomba khului, akajivua katika ndoa kwa kurudisha mahari au kitu walichopatana. Aweza pia kumwomba kadhi aivunje ndoa kwa faskhi, kama mume hamlishi au amtesa. Lililo muhimu ni kwamba talaka iliyotamkwa nyumbani, isipoandikwa, huleta ubishi ule ule unaozipata ndoa za kimila. Mume atasema alitoa moja, mke atasema tatu, na mashahidi wamekufa. Basi talaka ipelekwe kwa kadhi iandikwe, na nakala yake ifike kwa Msajili wa Ndoa.

GHARAMA NA MSAADA

Mtu aweza kusimamia shauri lake mwenyewe bila wakili, hasa kama halina ubishi. Shauri lenye shamba au nyumba ni vizuri liwe na wakili. Asiye na fedha kabisa aweza kuomba mahakama imruhusu kufungua shauri kama maskini, bila kulipa ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda idara ya serikali ya kuwasaidia watu wa namna hiyo. Viko pia vyama vya siku nyingi, kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na chama cha mawakili wanawake cha FIDA, kilichoanzishwa nchini mwaka 1985.

Ajihadhari na wale wanaozunguka nje ya lango la mahakama wakiahidi talaka kwa siku tatu. Hakuna talaka ya siku tatu. Apewapo risiti, iwe ya mahakama. Na apewapo hati, aitazame kama ina namba ya shauri na mhuri, kisha aende kwa karani aulize kama namba ile iko katika kumbukumbu.

Na yule mwenye ndoa iliyovunjika zamani nyumbani, ambaye hakwenda popote, asiseme kwamba wakati umepita. Wakiwa wote wawili hai, na wazee waliokula mbuzi wakiwa bado wana kumbukumbu, shauri hilo ni jepesi: sababu iko, miaka ya kutengana yajulikana na kijiji kizima, na huenda hakuna anayebisha. Mmoja akifa kabla halijafanyika, haliwezi kufanyika tena, na ubishi wake watarithi watoto, wa nyumba hii na wa nyumba ile, ambao hawakukosa lolote.